Kuongeza bafu na choo cha pili kwenye nyumba ya zamani, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye nyumba za zamani: wanaotaka kugeuza chumba kimoja kiwe masta, wanaotaka kuhamishia ndani choo kilichoko uani, na wale ambao familia imeongezeka na asubuhi inakuwa foleni mlangoni. Mengi yanahusu bomba, kwa sababu bomba ndilo linaloamua kama kazi itadumu.

## Kabla ya kununua chochote

Nianzie wapi?

Anzia nje, kwenye chemba, yaani kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hukutana. Wengi huanzia dukani kwa kuchagua sinki na marumaru, kisha wanamwita fundi aje atafute pa kuviweka. Maji safi yana presha: yatapanda, yatakata kona, yatazunguka nyumba nzima mpaka yafike unapoyataka. Majitaka hayana cha kuyasukuma zaidi ya mteremko. Choo kitakaa pale ambapo bomba lake linaweza kushuka mpaka kwenye chemba bila kupanda hata sentimita moja njiani.

Fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu. Kwa mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo, hamisha usawa wa sakafu ya ndani hadi pale, kisha pima kutoka usawa huo mpaka kitako cha mfereji wa chemba. Andika kipimo hicho. Ndicho kitakachojibu nusu ya maswali yaliyobaki.

Sijui bomba la sasa linapita wapi. Nitajuaje?

Nyumba nyingi za zamani hazina ramani, au ramani ilibaki kwa marehemu babu. Koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo ya maji, mwaga kwenye choo, na mtu mwingine asimame kwenye chemba zilizofunguliwa. Utaona maji ya bluu yanaingilia upande gani na yanachukua muda gani. Yakichelewa sana, au yakitoka kidogo kuliko uliyomwaga, bomba limeziba au limepasuka, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kuongeza choo kingine juu yake. Rudia kwa maji ya bafu na ya jikoni, kwani mara nyingi hayapiti njia moja na choo.

Ni chumba kipi kinafaa?

Kile kinachopakana na bafu la sasa au jikoni, hasa kikiwa upande wa ukuta wa nje wenye chemba. Bafu mbili zikigawana ukuta mmoja, unapunguza urefu wa bomba, kona, na mita za sakafu za kupasua. Chumba cha mbele kinachotazama barabarani, wakati shimo la majitaka liko nyuma, ndicho kinachotesa: bomba litapita chini ya sebule, na likiziba utavunja sebule. Kama hakuna namna nyingine, zungusha bomba nje ya nyumba. Litakuwa refu zaidi, lakini litafikika.

Nafasi ndogo kabisa ni ipi?

Mita 1.5 kwa 2 inatosha choo, beseni dogo na shawa. Hakikisha tu mlango haugongi sinki.

## Majitaka

Bomba liwe na ukubwa gani na mteremko kiasi gani?

Choo ni inchi 4. Shawa ni inchi 2, beseni la kunawia inchi moja na nusu. Bomba likishakuwa kubwa halirudi kuwa dogo kadiri linavyoelekea shimoni.

Kwa bomba la inchi 4, tumia mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Tufanye hesabu. Choo kiko mita 8 kutoka kwenye chemba: bomba linatakiwa kushuka sentimita 20. Ongeza unene wa jamvi, yaani zege la sakafu, kama sentimita 10, ongeza kipenyo cha bomba lenyewe, sentimita 11, na nafasi kidogo ya kona. Kitako cha chemba kinatakiwa kiwe kama sentimita 45 chini ya sakafu ya ndani. Kipimo ulichoandika kikiwa 60, una nafasi ya kutosha. Kikiwa 30, soma jibu linalofuata.

Fundi mzuri anaweza kwenda hadi 1 kwa 60 akilaza bomba juu ya mchanga uliosawazishwa. Lakini hapo kosa la sentimita mbili linatengeneza bonde, na bondeni ndiko uchafu unakolala.

Chemba yangu iko juu, mteremko hautoshi. Nifanyeje?

Njia ninayoipenda zaidi ni kutumia sinki la choo linalotoa maji kwa nyuma badala ya chini. Tundu lake huwa kama sentimita 18 juu ya sakafu, kwa hiyo bomba linatoka moja kwa moja ukutani na unaokoa kina chote cha jamvi. Mwulize muuza duka akuonyeshe tundu kabla hujalipa, kwa sababu masinki mawili yanayofanana kwa mbele yanaweza kutofautiana kabisa kwa nyuma. Kumbuka kwamba choo pekee ndicho kimeokoka. Tundu la shawa bado liko sakafuni.

Kwa hiyo njia ya pili huenda pamoja na ya kwanza: inua sakafu ya bafu, au sehemu ya shawa peke yake, kwa ngazi moja. Isizidi hapo kama kuna mtoto ndani ya nyumba, na kama kuna mzee, iepuke kabisa. Njia ya tatu ni kujenga chemba mpya yenye kina na kuliunganisha bomba mbele zaidi, kiwanja kinakoshuka. Viwanja vingi vya Moshi vinashuka kuelekea kusini, na vile vilivyo miguuni mwa Meru navyo vina mteremko wake, utumie.

Kuna pia mashine za kusaga na kusukuma uchafu kwa umeme. Umeme ukikatika choo hakifanyi kazi. Mimi siipendekezi kwa nyumba ya familia.

Mabomba ya nje ni ya udongo, au ya chuma, au ya asbesto. Naweza kuunganisha hapo hapo?

Bomba la udongo linaweza kuwa zima kabisa baada ya miaka mingi. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Mizizi ya jakaranda na mgrevilea hufuata unyevu, huingia kwenye ungio na kujaa ndani. Kama kuna mti mkubwa karibu na njia ya bomba, chimba uangalie ungio moja au mawili kabla ya kuamua. Usiunganishe bomba la plastiki kwenye la udongo kwa kupaka saruji juu juu. Jenga chemba pale yanapokutana, ili siku likiziba uwe na pa kuingiza fimbo.

Bomba la asbesto usilikate kwa grainda likiwa kavu. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta maradhi mabaya miaka mingi baadaye. Bora kuliacha ardhini lilipo na kulaza jipya pembeni.

Septiki ya zamani itamudu choo cha pili?

Septiki inajazwa na watu. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inapeleka lita 600 shimoni hata ikiwa na vyoo vinne. Kama unaongeza bafu kwa ajili ya walewale sita, maji yataongezeka kidogo tu, hasa kwa sababu shawa ya moto inamfanya mtu akae muda mrefu. Kama unaongeza bafu ili upangishe chumba, umeongeza watu, na hapo hesabu inabadilika.

Kinachoshindwa kwanza kwa kawaida ni shimo la kunyonya, lile linalopokea maji yanayotoka kwenye septiki na kuyaachia ardhini. Dalili ni choo kupiga mapovu na kushusha maji polepole, nyasi kunawiri mahali pamoja, na harufu jioni. Angalia mambo haya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea na ardhi imejaa maji. Shimo linaloonekana zima mwezi wa Septemba linaweza kurudisha maji bafuni masika. Udongo mweusi wa mbuga unanyonya kidogo sana. Ule mwekundu wa kando ya mlima ni afadhali.

Ukihitaji shimo jipya, liwe mbali na msingi kwa mita 3 au zaidi, na mbali na kisima chochote kwa mita 30, kikiwemo cha jirani.

Je, niunganishe kwenye mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji?

Kama bomba la mamlaka linapita mtaani kwako, ndiyo, tena furahi. Arusha ni AUWSA, Moshi ni MUWSA. Unaomba ofisini kwao, wanakuja kupima, na wao ndio wanaounganisha. Usimruhusu fundi wa mtaani atoboe bomba lao usiku. Mtandao haujafika kila mtaa, kwa hiyo uliza kabla ya kuchimba shimo jipya.

Maji ya mvua kutoka kwenye paa na uani yasiingizwe humo, wala kwenye septiki. Mvua moja ya masika inatosha kuujaza mfumo na kuurudisha uchafu kwenye nyumba iliyo chini zaidi.

Bafu jipya linanuka ingawa ni safi. Kwa nini?

Kila tundu la maji linatakiwa kuwa na kona yenye maji yanayozuia hewa ya shimoni isipande. Tafuta tundu lililokosa kona hiyo au lililokauka. Bafu la wageni lisilotumika hukauka. Mwaga kikombe cha maji kwenye tundu la shawa kila wiki.

Kama maji yapo lakini unasikia beseni likigugumia choo kinapovutwa, hakuna bomba la kupumulia. Maji ya choo yakishuka yanavuta hewa, na yasipoipata juu yanaifyonza kupitia kwenye kona ya beseni na kuikausha. Bomba la kupumulia lipande mpaka juu ya paa. Kulikatisha chini ya dirisha ni kuirudisha harufu chumbani.

## Maji safi

Bomba za chuma za zamani zinafaa kuendelea?

Kata kipande kimoja uangalie ndani. Bomba la chuma la nusu inchi lililokaa miongo kadhaa linaweza kuonekana imara kwa nje huku ndani kutu imejijenga pande zote, tundu lililobaki linapitisha penseli tu. Nimeziona nyingi hivyo kwenye nyumba za mitaa ya Kaloleni na Majengo. Hapo hakuna koki mpya wala pampu itakayosaidia.

Tatizo la pili ni kwamba bomba la namna hii likiguswa linavuja pengine. Fundi anafungua ungio jikoni, nyuzi za ungio la bafuni zinakatika. Ushauri wangu ni kutounganisha bafu jipya kwenye laini ya zamani. Toa laini mpya moja kwa moja kutoka kwenye tenki au baada ya mita, kisha bafu la zamani utalihamishia huko siku uwezo ukiruhusu.

Nitumie bomba gani?

Kwa ndani PPR, plastiki ngumu inayoungwa kwa joto, ya daraja la presha la PN20 ili ibebe maji ya moto. Kwa ardhini HDPE, plastiki nyeusi inayopinda. PPR hupimwa kwa nje, kwa hiyo ya milimita 20 ina tundu la kama 13 tu: laini kuu iwe 25, matawi ndiyo yawe 20. Isiachwe juani, jua linaifanya iwe na nyufa. Na kila bafu liwe na geti valvu yake, mahali mkono unapofika. Siku koki ikipasuka saa nane za usiku, utafunga bafu moja na nyumba nzima itaendelea kuwa na maji.

Presha ya bafu la pili itakuwa ndogo?

Inategemea tenki liko juu kiasi gani. Kila mita 10 za urefu ni bar 1. Tenki ambalo maji yake yako mita 3 juu ya shawa linakupa bar 0.3, ambayo kwa shawa ya kawaida ni maji ya kutiririka tu, na kwa hita nyingi za papo hapo haitoshi kuziwasha. Soma presha ya chini iliyoandikwa kwenye boksi la hita kabla ya kununua.

Kuna suluhisho mbili: kuinua stendi ya tenki, au pampu ndogo ya presha. Stendi ndefu haitumii umeme, nami huanzia hapo.

Naweza kuweka tenki juu ya dari?

Lita 1,000 ni uzito wa tani moja, bila kuhesabu tenki lenyewe. Mbao za paa la zamani hazikuwekwa kwa ajili hiyo, na zingine zimeliwa na mchwa bila kuonyesha kwa nje. Jenga stendi yenye msingi wake.

## Maji ya moto

Hita ya papo hapo, ya tenki, au ya jua?

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai maji ya asubuhi yanauma. Moshi iko chini zaidi na ina joto, wengi hutosheka na ya papo hapo. Hita ya jua ni nzuri, ila inadhoofika katika miezi ileile ya baridi ambapo mawingu yanafunika Meru siku nzima, kwa hiyo chagua yenye msaada wa umeme. Pia tenki la maji baridi linatakiwa kuwa juu kuliko hita iliyoko kwenye paa, jambo ambalo hugunduliwa mafundi wakiwa tayari darini.

Hita ya tenki ina valvu ndogo ya usalama inayodondosha matone inapopasha. Isizibwe. Ipelekee kibomba kidogo mpaka nje.

Nyaya za zamani zinatosha?

Mara nyingi hapana. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24, na soketi ya zamani haikuwekwa kwa mzigo huo. Inataka waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi, na swichi yake ya kukata.

Sasa jambo ambalo naomba lisipuuzwe. Katika nyumba za zamani, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, wakati mwingine ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, kwa sababu bomba lilikuwa limezama ardhini. Fundi bomba akiondoa chuma na kuweka plastiki, nyumba nzima imepoteza ethi, na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida. Hitilafu inayofuata kwenye hita inaweza kumkuta mtu akiwa amelowa. Fundi umeme mwenye leseni apime ethi baada ya bomba kubadilishwa, na aweke kikata umeme kinachohisi uvujaji.

## Sakafu na kuta

Ukuta wa zamani unaweza kutinduliwa?

Wa tofali za saruji, ndiyo, kwa mstari wa kushuka wima. Wa tofali za udongo au mawe yaliyofungwa kwa udongo, usiutindue kwa mstari wa mlalo. Utaupunguzia nguvu kwa urefu wote. Jenga ukuta mwembamba mbele yake, upitishe mabomba katikati.

Nitazuiaje unyevu usiende chumbani?

Kama hukulazimika kuinua sakafu ya bafu, iwe chini ya ile ya chumba kwa sentimita 2 au 3, na mteremko uelekee kwenye tundu. Paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na ukutani kabla ya marumaru, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Kisha ziba tundu, jaza maji, weka alama ya penseli ukutani, na uache saa 24. Alama ikibaki wazi, kuna mahali yanapita.

Fundi amalizie kufunika lini?

Baada ya vipimo viwili. Mabomba ya maji safi yajazwe kwa pampu ya mkono na sindano ya presha isishuke. Mabomba ya majitaka yazibwe upande wa chini, yajazwe maji, yalale hivyo usiku kucha. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba mbele yake, ili siku ukitaka kutoboa uweke kioo ujue pa kukwepa. Salio la malipo libaki mkononi mwako mpaka hapo, na mpatane hivyo tangu siku ya kwanza.

## Vibali na hali za pekee

Nahitaji kibali?

Ukiongeza chumba nje au kuvunja ukuta unaobeba nyumba, ndiyo: Halmashauri ya Jiji kwa Arusha, Halmashauri ya Manispaa kwa Moshi. Kwa mageuzi ya ndani, uliza ofisi ya kata kabla ya kuanza. Kuunganisha majitaka ni ruhusa nyingine, tumeieleza juu. Ukiwa mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, omba ruhusa yao kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya urithi, kaeni ndugu wote mkubaliane kwanza, kwa sababu bomba likishapita chini ya chumba cha mtu, kulihamisha ni ugomvi.

Nina maji ya mamlaka na ya kisima. Naweza kuyaunganisha?

Kamwe yasikutane kwenye bomba moja, hata kwa valvu katikati. Presha ya mamlaka ikishuka, maji ya kisima yanaweza kurudi kwenye bomba la mtaa mzima. Yatenge: kisima kwa choo, mamlaka kwa beseni na shawa. Kwa Arusha mgawo huu una faida ya ziada, kwani maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Meru yana floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Kwenye choo haina madhara.

Tunamjengea mama choo cha ndani, asitoke usiku. Tuzingatie nini?

Choo cha kukaa, mlango unaofunguka kwa nje ili akianguka asiuzibe, swichi ya taa anayoifikia kabla hajaingia, na sakafu yenye marumaru za kukwaruza. Waambie mafundi mapema kwamba mtafunga vishikio, ili wajaze zege au waweke ubao imara ukutani kabla ya plasta. Kishikio kilichofungwa kwenye plasta tupu kitang'oka siku atakapokihitaji. Msimwekee ngazi ya kuingilia shawa. Mteremko usipotosha, rudini kwenye jibu la chemba iliyo juu: bora kuchimba chemba mpya kuliko ngazi. Na kabla ya yote, mwulizeni mwenyewe kitanda chake kiko upande gani na anatumia mkono upi.

Na shimo la zamani la uani?

Kama choo bado kizima, kiacheni. Siku ya msiba au sherehe kitasaidia. Kama mnakifunga, liiteni gari la majitaka linyonye, mwagieni chokaa, jazeni kifusi na udongo kwa tabaka huku mkishindilia. Udongo utaendelea kutitia kwa misimu kadhaa ya mvua, kwa hiyo ongezeni mara kwa mara. Pasijengwe kitu juu yake, na wala gari lisiegeshwe hapo.